Maganda Yaliyong'aa Kupita Kiasi

Mwanangu Zuhura,

Begi lako nimelikung'uta mara tatu, na mara ya tatu likatema ganda la risasi. Lilikuwa limejificha ndani ya bitana, kule chini karibu na magurudumu. Begi hilo nilikuwa nabebea nguo za kazi kabla mama yako hajatangaza kwamba ni lako, na maganda yana tabia hiyo: huingia kwenye viatu, kwenye mikunjo ya suruali, kwenye mifuko ya watu wasio na habari. Hebu fikiria ungefika nalo uwanja wa ndege. Ungeitwa pembeni, na kwa ulimi wako huo ungeanza kuwaeleza maafisa kwa Kiarabu cha shuleni kwamba baba yako ni muosha maganda. Ndege ingekuacha bado unaeleza.

Basi nimelitoa, liko hapa mezani ninapokuandikia. Tumeshatoka msikitini kwa swala ya Ijumaa, mmekwenda nyote sokoni kutafuta zawadi za bibi yako, na nyumba imebaki na mimi na harufu ya pilau. Mambo ya kula, kulala, kujisitiri na kuchagua marafiki mama yako ameshakuambia, na kesho ataanza upya toka mwanzo, kwa hiyo hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Jana ulikuja ukapiga goti mbele yangu ukaniomba radhi ya safari, na mimi nikanyamaza.

Najua uliumia. Nilikusikia chumbani ukimwambia mama yako kwamba baba ana hasira kwa yale uliyoyasema Jumatano. Wallahi sina hasira. Nakuandikia ujue kwa nini mdomo ulinishinda, na kabla barua hii haijafungwa nataka uwe umeipata radhi yako.

Umekulia kwenye kazi yangu lakini hujapata kuiona. Watu wa klabu wakishapiga shabaha, sakafu inabaki imejaa maganda ya shaba, meusi, yana masizi. Tunayafagia. Kwanza natafuta kama kuna risasi iliyo nzima imejichanganya humo, maana hiyo haina mzaha. Halafu nayatenga kwa ukubwa, naking'oa kile kifataki kilichokwisha lipuka kwenye kitako, nayaosha kwa maji ya moto, sabuni na ndimu ya unga kidogo. Ndiyo, ndimu ya unga ile ile ya mama yako ya kachori. Nikishayasuuza na kuyakausha nayatia kwenye pipa la umeme pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, linazunguka, yanatoka yanawaka. Mwisho nakaa chini ya taa nalishika moja moja, napitisha ukucha shingoni na kitakoni kutafuta ufa. Likipita, linakwenda chumba cha pili, chenye kufuli na watu wake wenye vibali, linatiwa kifataki kipya, baruti na risasi, na mtu analiweka tena karibu na uso wake na kufyatua.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni kuosha vyombo.

Na kuna vumbi. Masizi yale yana madini ya risasi, na madini hayo ni sumu, kwa mtoto zaidi. Ulipokuwa mdogo, tulipohamia hapa Doha, mtaa huu wa Muaither, ulikuwa ukisikia ufunguo unakuja mbio na mikono juu, na mimi nilikuwa nakusukuma kwa mguu, "Rudi, rudi huko," mpaka nivue nguo nje, nizifunge kwenye mfuko, nioge. Siku moja ulikaa nyuma ya mlango wa bafu ukalia hadi ukalala hapo hapo. Nilikuruka nikaenda kula. Nilidhani kukulinda kunatosha, kwamba maelezo ni ya wazungu. Ulipoacha kukimbilia mlangoni ndipo nilipojua kuwa nilikulinda bila kukwambia, na mtoto anayelindwa bila kuambiwa huona amekataliwa. Hilo nalijutia hadi leo, na huko Tanga uendako kusomea utabibu, ukiwa na wagonjwa wako, ukimkataza mtu kitu mpe na sababu yake.

Sasa Jumatano. Jumanne niliyatia maganda ya mashindano ya wanachama ya Jumapili hii kwenye maji ya ndimu, ukanipigia simu kwamba kitabu chako cha chanjo kinatakiwa siku hiyo hiyo. Nikatoka mbio. Maganda yanatakiwa yakae humo muda wa mtu kunywa chai, si zaidi. Yakalala humo usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa yamegeuka kijani na maganda yana wekundu, kama fizi za mtoto. Maana yake ndimu imeanza kuila shaba, imetoa kile kinachoishikilia. Kiasi gani? Pengine juu juu tu. Niliyasuuza, nikayatia kwenye pipa, na adhuhuri yalikuwa ya dhahabu, mazuri kuliko siku zote. Nikachukua koleo nikayaminya machache. Yote yalipinda vizuri, hakuna lililopasuka.

Usiku nikawasimulia mkiwa mnakula, nikilifanya la kuchekesha, muosha maganda mzee amesahau sufuria jikoni. Mama yako akacheka. Wewe hukucheka. Ulisubiri wadogo zako walale, ukaja ukakaa karibu yangu ukaniambia, "Baba, nyamaza tu. Kazi ikiharibika sasa hivi, ikama ya mama na wadogo zangu inakwenda, na chuo changu kinakwenda. Yameng'aa, umeyaminya, hayana kitu. Nani atajua?"

Ulisema kwa mapenzi na ulisema kweli tupu. Wote mko hapa kwa ikama, kibali cha kuishi kinachotokana na kazi yangu, ikikatika mmekatika. Nami nilikuwa nimeshaamua kunyamaza kabla hujasema, ndiyo maana niliwachekesha. Anayetaka kusema ukweli hamchekeshi mtu. Lakini maneno yako niliwahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, kutoka kwa mtu mwenye bandeji usoni. Mtu huyo ni mjomba wako Wanjala, dereva wa basi letu.

Unajua alama ile shavuni kwake. Umemuuliza tangu hujafika kiunoni kwake, na kila mara anakwambia alijikata akinyoa ndevu. Wewe na wadogo zako mkawa mnamtania, mjomba ananyoa kwa panga. Sasa sikiliza.

Kabla ya klabu nilikuwa hotelini West Bay, nang'arisha taa na vyuma vya shaba vya ukumbini. Nilikuwa hodari, wallahi. Siri yangu ilikuwa dawa ya vioo, ile ya buluu inayochoma pua, yenye amonia. Ukiipaka kwenye shaba na kuifuta, uchafu unakimbia wenyewe. Nilipohamia klabu nikakuta wanahangaika na magunzi na ndimu siku nzima, nikawaonea huruma. Hakuna aliyeniambia nitumie dawa ya vioo na hakuna aliyenikataza, kwa sababu haikumpitikia mtu yeyote kwamba angetokea mtu wa hoteli. Nikaloweka kapu zima. Maganda yakatoka kama pete za bibi harusi. Mudir, meneja wa klabu, alipita akaokota moja, akalipeleka dirishani, akanipiga bega. Siku hiyo nilimpigia simu mama yako Tanga nikamwambia hawa watu hapa hawajui shaba.

Mwanangu, amonia ni mwiko kwa ganda. Taa ya hotelini imetulia tu ukutani, haina linaloikaza, kwa hiyo inavumilia. Ganda limefinywa kiwandani, lina mkazo ndani yake, na amonia ikiuonja mkazo huo inapasua shaba kimya kimya, nyufa ambazo jicho halizioni. Mimi nilikuwa nakagua mng'ao. Wala ukucha sikuupitisha.

Wanjala wakati huo hakuwa dereva. Alikuwa mwalimu wa shabaha, tena anayeheshimiwa. Alikuwa askari kwao Kenya kabla ya kuja huku, na bunduki zake alikuwa anazisafisha kama mama anavyoogesha mtoto wa siku saba, hataki mtu azishike. Ndiye aliyekuwa anajaribu risasi za kapu langu asubuhi ile. Ganda likapasuka karibu na kitako, moto na kipande cha shaba vikarudi nyuma. Miwani ya kazi iliokoa jicho. Shavu halikuokoka.

Nilikimbia na wengine. Nilipoona lile ganda sakafuni, lilivyochanika kama mfuko wa karatasi, nilijua. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Niliyatupa yote yaliyobaki siku hiyo hiyo, nikamwambia mudir yameshika kutu, na hakuna jingine lililopigwa. Hilo tu ndilo ninaloweza kulisimulia bila kuinamisha kichwa. Kwa sababu uchunguzi ulipokuja walitazama bunduki, wakasema huenda mtutu ulikuwa mchafu, na mimi nikasimama pale pale, nikiwa na harufu ya dawa ya vioo mikononi, nikasikia wakisema.

Jioni nilimfuata chumbani kwake. Alikuwa amelala chali, bandeji hadi sikioni. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Ulizioshea nini?" Nikamwambia.  Halafu akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bungoma, "Basi nyamaza tu, bro. Si uko na mtoto anakuja? Wakijua watakurudisha kwenu, na huyo mtoto hatakuja. Mimi sina mtoto. Watanifanya nini?"

Mtoto huyo ni wewe. Tiketi yenu wewe na mama yako ilikuwa imeshakatwa.

Walimfanya nini? Walimwondoa kwenye ualimu. Wakamwambia mtu anayeacha mtutu mchafu hawezi kufundisha watu, wakampa funguo za basi la wafanyakazi. Ndiyo basi analotupitia nalo kila alfajiri, ndilo alilokuwa akikupakia hadi kituoni siku za mvua ukienda shule, ukiimba nyimbo zako kwenye kiti cha mbele. Nimepanda basi hilo miaka yote kwenda kazini kaskazini ya Umm Salal, nikamwona anavyogeuza uso tunapopita kiwanja cha shabaha. Hajawahi kunikumbusha. Siku ya Idi anakuja na soda kreti nzima, Krismasi mama yako anampelekea pilau. Nilijiambia yamekwisha, ameshasamehe, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini sikuwahi kumwomba msamaha, Zuhura. Nilimshukuru. Kumshukuru mtu ni rahisi, unabaki umesimama.

Kwa hiyo jana ulipopiga goti ukasema, "Baba, nipe radhi zako," nilitaka kuzitoa nikazikosa. Mzazi hutoa radhi kutoka kifuani, na kifuani mwangu kulikuwa na makapu mawili ya maganda, moja la zamani na moja la Jumanne, yote yameng'aa. Nitakubariki kwa mdomo gani uende ukahudumie watu, wakati Jumapili mtu ataweka usoni kitu nisichokijua? Maana sisemi kwamba maganda ya Jumanne ni mabovu. Huenda ni mazima yote. Tatizo ni kwamba sijui, na koleo langu liliyaminya machache tu, na yaliyobaki kapuni hayajaulizwa. Nikasema nisubiri. Nikakuacha umepiga goti mpaka ukainuka mwenyewe. Nisamehe kwa hilo, goti la mtoto haliachwi sakafuni.

Leo baada ya swala nimeamua, na nilipoamua sikukaa tena kufikiri, maana najijua.

Nilianza na Wanjala. Nilimpigia, akapokea kwa mbwembwe zake, akauliza begi la mtoto lina kilo ngapi, buti ya gari alilokodi kwa ajili ya kesho ni ndogo. Nikamwambia, Wanjala, namwambia mudir leo. Ya Jumanne na ile ya zamani. Akasema wacha hiyo story ilale, ni ya kitambo, wewe uko na watoto. Nikamwambia watoto ndio sababu. Kisha nikamwomba msamaha, Zuhura, kwa maneno yenyewe, sio kwa pilau. Nilisema nilikuumiza uso, halafu nikakuumiza jina, na la pili ni baya zaidi. Nyuma yake niliisikia televisheni ya wenzake chumbani.

Halafu akasema, polepole, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ukimwambia, mwambie bunduki yangu ilikuwa safi."

Basi. Hakutaka kazi, hakutaka fidia, hakutaka hata mimi nionekane mbaya. Miaka yote ile alikuwa amekaa na jambo hilo moja, na hakuna mtu hapa Doha aliyekuwa na uwezo wa kumpa isipokuwa mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye basi.

Nikampigia mudir. Ni siku ya mapumziko, yuko shambani kwake na watu wake, nikasikia watoto. Nilimwambia yote kwa Kiarabu changu cha kubabaisha, na alipotaka kunisaidia maneno nilimwomba aniache nimalize. Nilimwambia maganda ya mashindano yasitiwe baruti, yapondwe, kosa ni langu. Nilimwambia juu ya dawa ya vioo. Nikamwambia bunduki ya Wanjala ilikuwa safi. Akanitaka nirudie hilo la mwisho. Nikarudia. Akauliza kwa nini leo, nikamjibu binti yangu anasafiri kesho na ameniomba radhi. Akasema chumba cha baruti kitabaki kimefungwa, na Jumapili asubuhi nije ofisini kwake, nije na Wanjala. Hakuniambia zaidi na sikumwuliza.

Kwa hiyo sijui, mwanangu. Huenda Jumapili nitarudi na kazi, huenda nitarudi na barua ya kufunga virago, na mama yako na wadogo zako watakufuata Tanga kabla hujaizoea shuka ya bibi yako. Mama yako nitamwambia mkirudi sokoni, na atapandisha hasira, na ana haki. Ikiwa hivyo, ada yako nitaitafuta hata kwa kuosha masinia ya harusi Tanga nzima, hiyo ni kazi ninayoiweza. Wewe usirudishe mguu. Utapanda ndege. Usije ukanikalia mlangoni na machozi ukasema unabaki uone itakuwaje, nitakubeba mimi mwenyewe na begi juu.

Huko chuoni kuna siku utakosea. Utakosea kwa haraka, au kwa ujuzi ulioutoa mahali pengine, kama mimi na taa zangu za hoteli. Na atakuwepo mtu anayekupenda atakayekwambia unyamaze. Usimchukie, mwenye kukwambia hivyo mara nyingi analipa yeye. Mtazame tu vizuri, uone analipa nini.

Jumatano uliniuliza nani atajua. Nilikuwa najua mimi, na Wanjala alikuwa anajua, na ilitosha kutunyima usingizi watu wazima wawili. Nakwambia tu yaliyonikuta.

Hili ganda lililotoka kwenye begi nilitamani ulichukue liwe ukumbusho, lakini nimeshakueleza habari za uwanja wa ndege. Nitakwenda nalo Jumapili, nilitie kapuni pamoja na mengine yanayopondwa.

Na sasa, Zuhura binti yangu, radhi. Nimekuradhia duniani na akhera, kwa ulilonikosea na ambalo hukunikosea, kwa ulimi wako, kwa ukaidi wako, kwa usiku uliolia nyuma ya mlango wa bafu ambao kosa lilikuwa langu. Nenda, njia yako iwe nyeupe. Kesho usipige goti tena, umeshapewa. Nimeoga, nimevaa kanzu safi, haina vumbi la mtu. Ukitoka chumbani uje mbio na mikono juu kama zamani, hata kama umekua na utaona haya mbele ya wadogo zako.

Kisha utashuka, mjomba wako atakuwa na gari chini. Usikae nyuma na simu yako. Kaa mbele, mahali ulipokuwa ukiimba. Mwamkie vizuri. Akikwambia tena habari za kunyoa ndevu, mwache amalize. Halafu mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba bunduki yake ilikuwa safi.

Baba yako